Askari aliyekesha ana kilevi kiasi gani?

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature jaribio fupi ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani. Waliwakesha watu. Siku nyingine wakawanywesha watu haohao pombe, kidogo kidogo. Mara zote mbili wakawapima kwa zoezi lilelile la kompyuta linalotaka jicho na mkono viende pamoja. Aliyekaa macho saa 17 aliharibu sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefikisha saa 24 alikuwa sawa na mwenye 0.10. Kwa sheria yetu ya usalama barabarani, dereva akizidi 0.08 ni mlevi.

Sasa mchukue askari wa hapa Mwanza aliyeamka saa nane mchana, akaingia lindo saa kumi na mbili jioni, akalinda benki mpaka kukakucha. Asubuhi ana kesi, yeye ni shahidi namba tatu, na hakimu hamsubiri mtu. Akitoka mahakamani anakuta ujumbe: kuna mgeni wa kitaifa anatua, barabara ya uwanja wa ndege ipangwe askari kuanzia Kirumba hadi Pasiansi. Inapogonga saa nane mchana, jua likiwa utosini, anatimiza saa 24 akiwa wima na bunduki begani. Dereva wa daladala anayepita mbele yake angekuwa na kilevi cha kiasi hicho, angeshushwa kwenye usukani. Na yeye ndiye wa kumshusha.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi, maana kila msongo wa kazi kwa polisi unapotajwa mjini hapa, mazungumzo yanakufa mapema. Pendekeza tu kwenye kijiwe cha kahawa kwamba vyuo vyetu vichunguze afya ya akili ya askari na namna wanavyoongozwa, utajibiwa kahawa ikiwa bado ya moto: "Na sisi tunaopigwa, nani anatuchunguza?" Anayesema hivyo hatanii. Ana mdogo wake aliyelala mahabusu siku tatu bila kuambiwa kosa. Ana pikipiki iliyokaa kituoni mpaka ikaota kutu. Ana elfu kumi aliyoitoa ili jalada litembee. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambapo watu waliuawa na Mwanza nayo ikazika, ana mengine ambayo hayasemi kijiweni. Ukimwambia mtu huyo kwamba mwenye bunduki naye amechoka, anaona unamtafutia mwenzako udhuru.

Ndani ya ukuta wa kituo jibu ni fupi zaidi. Askari halii. Shule ya Polisi kule Moshi ilishawachuja wanaolia, na aliyeshindwa arudishe sare. Cha ajabu ni kwamba raia aliyeumia na afande mkongwe, watu wasiokubaliana kwa lolote, hapa wanashikana mkono: wote wawili hawataki swali hili liulizwe.

Niseme nilipokaa, msomaji anipime. Mimi ni mtoto wa kota. Baba yangu alikuwa koplo, na MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, alikuwa miongoni mwa askari waliopangwa kupokea miili. Alikwenda siku sita. Jioni akirudi, mama hakuruhusu nguo zile zivuke kizingiti. Alizifulia nje kwenye beseni la bluu, na kazi ile ilipokwisha beseni likatupwa. Siku ya saba baba alirudi kwenye gwaride la kawaida. Mkubwa wake akatazama viatu, akaona havikung'aa, akampigisha kwata ya adhabu mbele ya vijana ambao baba mwenyewe aliwafundisha kazi.

Hadithi ya viatu tuliisikia mpaka anastaafu. Aliisimulia kwa wageni, kwa wakwe, kwa fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Habari za miili hakuzisimulia hata mara moja.

Miaka kumi baada ya kuzama kwa meli, mwaka 2006, Donald McCreary na Megan Thompson wa Kanada walitoa madodoso mawili ya kupima msongo wa askari, kila moja maswali 20. La kwanza linauliza kuhusu kazi yenyewe: kufanya kazi usiku peke yako, hatari ya kuumizwa, matukio ya kutisha, uchovu. La pili linauliza kuhusu ofisi: upendeleo, urasimu, uhaba wa watu, uongozi usio na msimamo, wenzako kukudharau ukiugua, wakubwa kukazia mabaya tu. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana viatu vya baba vilikuwa pale, kwenye karatasi ya pili. Zamu za usiku wameziweka kwenye karatasi ya kwanza. Mimi ningezihamishia ya pili: zamu hainyeshi kama mvua, kuna mtu anaipanga kwa kalamu.

Tafiti nyingi zilizofanywa tangu hapo, Amerika Kaskazini na Ulaya, zimerudi na jibu la kufanana. Karatasi ya pili inaumiza sawa na ya kwanza, na mara nyingi kuliko ya kwanza. Jambazi unamtarajia, na ukimkamata unapigiwa makofi. Bosi anayekuchukia humkamati.

Hii haina maana kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Mwanza haihitaji kukumbushwa. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa mkoa mwenyewe, Liberatus Barlow, alipigwa risasi Kitangiri usiku, akafa. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 wakapotea, na tena wakawa ni askari, wanajeshi na wavuvi walioingia majini. Utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliofanyika Uingereza mwaka 2018 na kujibiwa na watumishi wa polisi karibu 17,000, ulikuta tisa kati ya kumi wamewahi kukutana na tukio la kutisha kazini, na kati yao karibu mmoja kwa kila watano alikuwa na dalili za maradhi ya akili yanayoachwa na matukio hayo. Waliojibu walijitolea, kwa hiyo huenda walioumia walijitokeza zaidi. Hata ukipunguza nusu, idadi haichekeshi.

Lakini turudi kwenye usingizi, kwa sababu hapo ndipo habari ya askari inapogeuka kuwa habari ya raia. Mwaka 2011 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa askari 4,957 wa Marekani na Kanada. Asilimia 40 walionekana kuwa na tatizo la usingizi. Hao wenye tatizo ndio waliozidi wenzao kwa kufanya makosa makubwa ya kiutawala, kusinzia kwenye usukani, na kushindwa kuzuia hasira mbele ya mtuhumiwa au raia. Hilo la mwisho walisome wa kijiweni mara mbili.

Mwaka jana niliporwa simu nikitoka safari, nikafika kituo kimoja saa kumi alfajiri. Kaunta alikuwapo askari mmoja, kijana, macho mekundu. Aliniuliza jina mara tatu. Akaandika polepole, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo kama mtoto wa darasa la pili. Mimi nina mazoea mabaya ya kusoma maandishi juu chini, nikaona ameniandika kwenye nafasi ya mtuhumiwa. Kwenye karatasi ya Serikali nilikuwa natuhumiwa kuiba simu yangu mwenyewe. Nikamwonyesha, tukacheka wote. Akafuta, akajifuta na uso kwa kiganja, akasema, "Nisamehe bro, niko hapa tangu jana asubuhi. Mwenzangu kafiwa."

Nilikuwa na shati safi na lugha ya kujieleza. Siku hiyohiyo, kwenye benchi nyuma yangu, walikaa vijana wawili wa mwaloni waliokamatwa kwa habari ya injini ya mtumbwi iliyopotea, mmoja miguu peku. Maelezo yao yaliandikwa kwa mkono uleule, kwenye saa ileile, na sikuona kama kuna aliyewasomea kilichoandikwa. Kosa la kaunta alfajiri linageuka jalada, jalada linakwenda mahakamani, na mtu anaweza kukaa mahabusu Butimba kwa neno lililoandikwa na mkono uliolala.

Kwa hiyo anayesema kwamba kuchunguza uchovu wa askari ni kuwaonea huruma wasiostahili, anakosea hesabu ya nani analipa. Simwombi ampende polisi.

Hata hivyo kuna pingamizi ambazo hazitoki kwenye hasira, na hizo zinastahili jibu la taratibu. Ya kwanza inanigusa mwenyewe. Pengine karatasi ya pili inaonekana nzito kwa sababu tu ndiyo inayosemeka. Askari anaweza kulalamika habari ya bosi mbele ya wenzake na akabaki mwanamume. Hawezi kusema kwamba anaota watoto waliokufa maji. Tulipokuwa tukipita Igoma kwa basi, yalipo makaburi ya MV Bukoba, baba alikuwa akimuuliza kondakta nauli ambayo alishailipa. Kila safari. Labda hadithi ya viatu ilikuwa ndiyo njia yake ya kusimulia zile siku sita, na mtafiti mwenye dodoso angeiweka kwenye kapu la "uongozi" akaridhika. Pingamizi hii ni ya kweli na sina jibu la kuimaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba hata kama kidonda kilikuwa kingine, yule mkubwa wa viatu ndiye aliyekitia chumvi. Angeweza asiangalie viatu siku hiyo, na isingemgharimu kitu.

Ya pili ni kwamba huu ustawi wa kazini umejaa biashara ya maneno. Nakubali, tena kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi nchi za Magharibi ziliwaketisha waokoaji na askari kikao kimoja baada ya janga ili wasimulie yote; uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2002 ukaonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi, na huenda kikawadhuru baadhi. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa Uingereza: waliopewa semina za kuhimili msongo, programu za simu na mafunzo ya utulivu hawakuwa na hali bora kuliko wasiopewa. Kwa hiyo kesho ukisikia polisi wameandaliwa bonanza, jezi mpya, mbuzi wawili, soda na mtoa mada wa afya ya akili kwa dakika 40, usije ukadhani ndicho ninachokitetea. Mbuzi ataliwa, na Jumatatu zamu itakuwa ileile.

Ya tatu ni nzito kuliko zote: jeshi si chama cha ushirika. Meli haizami saa za ofisi. Ndiyo maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayoweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, inasema tangu kifungu cha 2 kwamba haiwahusu askari polisi, pamoja na wanajeshi, magereza na JKT. Mlinzi wa kampuni binafsi aliyesimama na askari kwenye mlango mmoja wa benki ana kikomo cha saa kisheria, askari hana. Naielewa sababu. Ila sheria ile ilitoa mwanya kwa ajili ya dharura, na mwanya umekuwa mlango wa kila siku. Askari wa kaunta yangu hakuwa kwenye dharura ya taifa. Mwenzake alifiwa, jambo linalotokea kila wiki katika nchi hii, na hakukuwa na wa tatu.

Tena wanaosema nidhamu italegea wamechanganya utii na kubahatisha. Mwaka 2016 Rick Trinkner, Tom Tyler na Phillip Goff walichapisha utafiti wa askari wa jiji moja kubwa la Marekani: walioona wakubwa wao wanatenda haki walikuwa na msongo mdogo, hawakuwa na dharau kubwa kwa raia, na waliunga mkono zaidi kutumia nguvu kwa kiasi. Unaweza kubisha kwamba mtu mwenye kinyongo huona uonevu kila mahali, kwa hiyo haijulikani kipi kilianza. Sawa. Lakini yeyote aliyekulia kota anajua tabia inavyoshuka ngazi: mkubwa anamfokea mkaguzi asubuhi, mkaguzi anamalizia kwa sajenti, sajenti kwa konstebo, na konstebo hana wa chini yake isipokuwa mwenye bodaboda.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Jirani zetu Kenya waliunda jopo chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga mwishoni mwa 2022, na ripoti ya Novemba 2023 ikapendekeza polisi waongezwe mishahara kwa asilimia 40. Nyongeza ni haki, nyumba ni haki. Ila mshahara hauongezi saa za kulala.

Kinachonishangaza ni jinsi mambo yanayoumiza zaidi yalivyo ya bei rahisi. Zamu kubandikwa ukutani siku tatu kabla, badala ya kuitwa kwa simu usiku. Aliyetoka lindo asipangwe mahakamani asubuhi bila kulala. Lindo baya lizunguke, lisiwe adhabu ya mtu mmoja. Likizo itolewe kama ilivyoandikwa. Mwaka 2014 Ian Hesketh, aliyetokea polisi ya Lancashire, pamoja na Cary Cooper, waliandika habari ya watumishi wanaotumia siku za likizo kuugua, ili wasihesabiwe wagonjwa. Nauita mtindo huo kuugulia likizoni. Sisi tuna watu wa kuugulia hata hapohapo lindoni, malaria iko mwilini na bunduki iko mkononi, kwa sababu kuomba ruhusa ni kujitafutia jina. Kitabu cha wagonjwa kikibaki cheupe, mkubwa anaandika kwamba kikosi kina afya njema.

Ndiyo maana nataka utafiti, tena wa hapa, si wa kuazima asilimia za Uingereza. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Malimbe, Chuo cha Bugando kiko juu ya kilima kikitazama mji mzima. Wasomi wapo. Shida ni namna ya kuuliza. Dodoso likigawiwa na mkuu wa kituo na kukusanywa na mkuu wa kituo, askari wote watajibu kwamba wana furaha tele. Hakuna konstebo atakayeweka alama kwenye "uongozi usio na msimamo" huku mwenye nyota anahesabu karatasi. Na kwenye maswali ya kukata tamaa ya maisha hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na askari ndiye anayeandika maelezo ya wanaokamatwa kwa kosa hilo. Tumtegemee ajiandikie?

Kwa hiyo ningeanza na kitu kisichohitaji mtu kukiri lolote, daftari la zamu. Kila kituo kinalo. Chukua kituo kimoja, mwaka mmoja, hesabu saa za kila namba ya askari, kisha linganisha na malalamiko ya raia, ajali za magari ya polisi na majalada yaliyorudishwa na waendesha mashtaka kwa makosa ya uandishi. Majina yabaki yamefunikwa. Kinachotakiwa ni barua ya kibali kutoka juu, na mtu wa kukaa na daftari na kikokotoo miezi miwili. Ukurasa wa usiku niliofika mimi nadhani najua unavyoonekana: jina moja, mara tatu mfululizo, kwa mwandiko unaozidi kulala kila mstari.